Imani na Amana: Je, Kuiamini Sayansi Kunahitaji Imani?



1. Utangulizi

Katika mijadala ya shule na vyuo hurudiwa mara nyingi dai kwamba mtu anayeitegemea sayansi naye ni muumini kama muumini mwingine yeyote. Dai hilo hujengwa hivi. Mtu huyo hajaviona virusi kwa macho yake, hajaipima kasi ya mwanga, wala hajakaa maabara hata siku moja. Alisoma kitabuni, akasikia kwa mwalimu, akakubali. Basi, husemwa, tofauti baina yake na mwenye kusali, au baina yake na mwenye kumwendea mganga, ni tofauti ya jina tu. Kila mmoja ameamini.

Hoja hii ina mashiko, na haifai kupuuzwa kwa kicheko. Mhadhara huu unaichunguza kwa njia mbili. Kwanza, unaitazama lugha yenyewe, kwa kuwa sehemu ya utata huu imo ndani ya kitenzi cha Kiswahili -amini. Pili, unaipima hoja kwa mambo yaliyotokea katika Mkoa wa Mara, hususan Musoma, Bunda na Butiama, mahali ambapo swali la nani aaminiwe limekuwa swali la uhai wa watu na mifugo.

2. Kitenzi kimoja, mizigo mingi

Kitenzi -amini kimetokana na Kiarabu, na mzizi wake umezaa ukoo mkubwa wa maneno katika Kiswahili: imani, amini, amana, amani, mwaminifu, muumini. Kutokana na kitenzi hicho, unyambulishaji wa Kibantu umeongeza aminika, aminisha, aminiana na jiamini. Mzungumzaji anaposema “ninamwamini Mungu”, “ninamwamini daktari” na “ninaamini kwamba mvua itanyesha”, anatumia kitenzi kilekile kwa mambo matatu yaliyo tofauti. La kwanza ni uhusiano wa ibada. La pili ni kumtegemea mtu kwa sababu ya ujuzi na mwenendo wake. La tatu ni makisio ya akili yanayotokana na dalili.

Nomino imani nayo ina upana wake. Pamoja na maana ya dini, hutumika kwa maana ya huruma: mtu asiye na imani, katika mazungumzo ya kila siku, mara nyingi ni mtu katili, wala si lazima awe mtu asiye na dini. Kwa hiyo anayeuliza kama sayansi inahitaji imani hana budi kueleza kwanza ni imani ipi anayoikusudia. Asipofanya hivyo, hoja itashinda kwa kucheza na maana, na ushindi wa namna hiyo haumfikishi mtu mbali.

Katika ukoo huo, neno linalofaa kuangaliwa kwa makini zaidi ni amana. Amana ni kitu anachokabidhiwa mtu akitunze kwa niaba ya mwenyewe. Mwenye mali hamfuati mtunzaji kila saa kuikagua, amemwachia. Hata hivyo, haki ya kuidai haijaondoka. Siku atakapoitaka, mtunzaji ataitoa, na akishindwa ataitwa mhaini. Hapo amana inatofautiana na sadaka, ambayo mtoaji haidai tena baada ya kuitoa. Dai la mhadhara huu ni kwamba kuiamini sayansi ni tendo la kuweka amana. Linahitaji uaminifu, tena mwingi, lakini ni uaminifu unaoweza kudaiwa hesabu.

Kiswahili kina maneno mengine ya kupimia daraja za ujuzi: dhana, dalili, yakini na itikadi. Dhana ni kudhani tu. Yakini ni kujua pasipo shaka. Itikadi ni fungamano la moyo na mafundisho fulani. Istilahi za kitaaluma zimeongeza nadharia tete, yaani pendekezo ambalo bado halijaimarika na linangoja kupimwa. Neno tete limeshakiri udhaifu tangu mwanzo. Aidha, kitenzi thibitisha ni ndugu wa thabiti: kuthibitisha jambo ni kulifanya lisimame imara baada ya kutikiswa. Methali isemayo dalili ya mvua ni mawingu inaonyesha kuwa wahenga walijua kutofautisha alama na jambo lenyewe. Hawakusema kwamba mawingu ni mvua.

3. Mahali ambapo hoja ya imani ina nguvu

Ni haki kuikubali hoja pale inapostahili. Kuna mahali patatu.

Kwanza, hakuna mtu awezaye kujithibitishia kila kitu. Chama cha wanasayansi kilichoanzishwa London mwaka 1660, Royal Society, kilijichukulia kaulimbiu yenye maana kwamba neno la mtu yeyote lisipokelewe kwa sababu tu amelisema. Kaulimbiu hiyo ni nzuri, lakini haiwezekani kutekelezwa na mtu mmoja. Hata mwanakemia hutegemea mizani iliyotengenezwa na mwingine, na majedwali yaliyopimwa na waliokufa kabla hajazaliwa. Sehemu kubwa ya ujuzi wa sayansi hupokewa kwa ushahidi wa watu.

Pili, sayansi inachukulia kwamba maumbile yana utaratibu, na kwamba yaliyotokea jana kwa sababu fulani yatatokea kesho kwa sababu hiyohiyo. Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alitoa mfano wa pamba na moto: macho huona pamba ikiungua inapogusana na moto, lakini hayaoni ulazima unaoyafunga mambo hayo mawili. Katika karne ya 18, David Hume wa Uskoti aliuliza swali la jinsi hiyo kwa njia yake. Hakuna jaribio linaloweza kuthibitisha kwamba majaribio yataendelea kuaminika, kwani jaribio lenyewe limeegemea jambo hilo.

Tatu, wanasayansi ni binadamu. Wana wafadhili, wana vyeo na wana ukaidi. Ziwa Viktoria, ambalo Musoma imejengwa ufukweni mwake, linatoa funzo. Katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 sangara aliingizwa ziwani humo. Walikuwapo wataalamu waliounga mkono, na walikuwapo waliopinga. Geoffrey Fryer aliandika hadharani mwaka 1960 akitahadharisha. Sangara alipozidi, hasa katika miaka ya 1980, aina nyingi za furu zilipungua mno au kutoweka. Baadaye viwanda vya minofu vya mwambao wa ziwa, Musoma ikiwamo, vilipata biashara kubwa, lakini hasara ya viumbe waliotoweka hairudishiki. Aliyesema wakati ule kwamba “sayansi imeamua” alikuwa akiitumia sayansi kama fimbo ya mamlaka.

Mambo haya matatu yanaonyesha kwamba kuitegemea sayansi hakukosi sehemu ya kumwachia mwingine. Linalobaki ni kuuliza: je, kuachia huko ni kwa namna ile ya itikadi, au ni kwa namna ya amana?

4. Ushahidi wa Mara: kichaa cha mbwa

Uchukuliwe mfano mgumu kuliko yote. Mzazi katika kijiji cha Bunda analetewa mwanawe aliyeumwa na mbwa asiyejulikana. Jeraha ni dogo. Mtoto anacheza. Mhudumu wa afya anasema jeraha lioshwe kwa maji mengi na sabuni kwa muda wa robo saa, kisha mtoto apelekwe kuchanjwa bila kukawia, na arudi tena kwa sindano zinazofuata. Kuna nauli ya kutafuta na kazi ya shamba ya kuacha. Kichaa cha mbwa huweza kukaa mwilini majuma kadhaa au miezi bila kuonyesha dalili yoyote, na dalili zikishaanza, mgonjwa karibu siku zote hufa. Mzazi akisema angoje aone kwa macho yake, atakapoona atakuwa amechelewa.

Hapa hoja ya imani huonekana imeshinda, maana mzazi anatakiwa kutenda kabla ya kuona. Na si hilo tu. Mtoto akichanjwa na kupona, mzazi hatajua kamwe kama mbwa yule alikuwa na ugonjwa. Uzima wa mtoto mmoja hauthibitishi chanjo. Yakini ya jambo hili haiwezi kupatikana ndani ya nyumba moja, hata ikiwa nyumba hiyo ina watu wenye busara kiasi gani.

Inapatikana wapi, basi? Kati ya Oktoba 1996 na Februari 2001 zilifanyika kampeni nne za kuchanja mbwa katika Wilaya ya Serengeti, mkoani Mara. Matokeo yalichapishwa mwaka 2003 na Sarah Cleaveland, Magai Kaare, Titus Mlengeya na wenzao. Baada ya kampeni ya kwanza, ugonjwa miongoni mwa mbwa wa wilaya hiyo ulipungua kwa asilimia 70. Baada ya ya pili, kwa asilimia 97. Majeraha ya watu walioumwa na mbwa walioshukiwa kuwa na kichaa nayo yalipungua. Hitimisho lilikuwa kwamba kuchanja asilimia 60 hadi 70 ya mbwa kulitosha kuudhibiti ugonjwa.

Msomaji mwenye shaka angeweza kusema kwamba huenda ugonjwa ulikuwa unapungua wenyewe mwaka ule. Shaka hiyo ni halali, na watafiti walikuwa wameitangulia. Waliangalia pia sehemu za Wilaya ya Musoma ambazo mbwa wake hawakuchanjwa katika kampeni hizo. Huko ugonjwa haukubadilika kwa kiasi cha kuhesabiwa. Wakati ule Wilaya ya Musoma ilikuwa pana, na Butiama, ambayo leo ni wilaya, ilikuwa sehemu yake. Kwa maneno mengine, sehemu za Musoma ndizo zilizoipa habari ya Serengeti uzito wake. Bila ulinganishi huo, asilimia 97 ingebaki kuwa hadithi ya kufurahisha.

Ni vema kukiri kwamba ulinganishi huo una uzito wa kimaadili. Eneo la ulinganishi ni mahali pa watu, nako watoto waliendelea kuumwa. Baada ya matokeo kujulikana, uchanjaji wa mbwa ulipanuliwa kwenye vijiji vinavyoizunguka Hifadhi ya Serengeti. Ushahidi unaowasaidia wazazi wa leo uligharamiwa na wakazi wa jana, na deni hilo ni sababu mojawapo ya kuutaka usemwe kwa lugha wanayoielewa.

Kwa hiyo mzazi wa Bunda anapomwamini mhudumu wa afya, kuamini kwake kuna nyuma yake mnyororo wa watu waliohesabu, waliolinganisha na walioandika kwa namna ambayo mwingine anaweza kuhesabu upya. Yeye hajaufuata mnyororo huo, na pengine hatapata nafasi. Lakini unafuatika. Hiyo ndiyo sifa ya amana: haikaguliwi kila siku, ila ipo kwa ajili ya kukaguliwa.

5. Ng'ombe waliochanjwa, nyumbu waliopona

Mfano wa pili ni sotoka, ugonjwa uliofyeka ng'ombe na wanyama wa porini Afrika Mashariki tangu miaka ya 1890. Katikati ya karne ya 20 ng'ombe walichanjwa kuzunguka Serengeti, nyumbu hawakuchanjwa. Hata hivyo, kufikia miaka ya 1960 sotoka ilikuwa imetoweka miongoni mwa nyumbu. Idadi yao, iliyokuwa kama 250,000 mwanzoni mwa muongo huo, ilipanda hadi zaidi ya milioni moja kufikia mwisho wa miaka ya 1970. Mwaka 2011 ilitangazwa rasmi kwamba sotoka imetokomezwa duniani kote.

Kabla ya hapo ilikuwa rahisi kudhani kwamba wanyama wa porini ndio ghala la ugonjwa na ng'ombe ndio wanaoambukizwa. Dhana hiyo ilikuwa na wafuasi, na ilionekana kuwa na akili. Ilianguka kwa sababu nyumbu walipona bila kuguswa. Jambo la kuangaliwa ni kwamba walioiacha hawakuitwa waasi. Katika itikadi, kuacha fundisho la wazee ni msiba. Katika utaratibu huu, kuiacha dhana iliyokanushwa ni sehemu ya kazi.

6. Mvua ya Ikizu na kikombe cha Samunge

Ingekuwa makosa kuyaweka mambo haya kana kwamba upande mmoja kuna akili na upande mwingine kuna ujinga. Katika Ikizu, wilayani Bunda, mapokeo yanaunganisha utemi na ujuzi wa mvua, na yanamtaja Nyakinywa, mwanamke mwenye nguvu ya mvua, katika chimbuko la utemi huo. Kazi ya mvua ilikuwa pia kazi ya kuifunga jamii pamoja: kutambua majira, kupatanisha waliogombana, kupanga wakati wa kupanda. Anayeipima kwa milimita za mvua pekee hajaielewa.

Swali moja tu linazitenganisha njia hizi: neno likishindwa, kitu gani hubadilika? Mvua isiponyesha baada ya ibada, lawama huweza kuangukia mwiko uliovunjwa au uadui uliofichwa, na ujuzi wenyewe ukabaki salama. Utabiri wa hali ya hewa ukishindwa, unatakiwa kuandikwa kuwa umeshindwa, na vifaa au hesabu zikarekebishwa. Mtaalamu wa hali ya hewa anayeficha makosa yake ameiacha sayansi, hata kama hajavua koti lake.

Mwaka 2011 maelfu ya watu, kutoka sehemu nyingi za Tanzania na nchi jirani, walimiminika Samunge, Loliondo, ng'ambo ya Serengeti ukitokea Mara, kunywa kikombe cha dawa alichokitoa mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500. Ushuhuda wa waliosema wamepona ulienea upesi. Hapana sababu ya kuwadharau waliokwenda. Mgonjwa aliyekata tamaa hutafuta mlango wowote. Walakini ushuhuda ule ulikosa kile ambacho Musoma iliwapa watafiti wa kichaa cha mbwa, yaani ulinganishi. Waliopona walisikika, waliokufa hawakuwa na sauti ya kushuhudia. Idadi ya watu waliosadiki haiwezi kujaza pengo hilo, hata wangekuwa milioni.

Wala imani ya dini haiguswi na kipimo hiki. Muumini ambaye dua yake haijajibiwa hufundishwa subira, na subira yake ni fadhila, kwa sababu hakuifanya dua kuwa jaribio. Mtafiti mwenye kusubiri hivyo mbele ya takwimu zinazomkanusha anatenda kosa. Fadhila ya mmoja ni dosari ya mwingine, na mtu mmoja anaweza kuwa na zote mbili bila unafiki, alimradi ajue yuko wapi.

7. Mwalimu wa Butiama na akili ya kuuliza

Julius Nyerere, aliyezaliwa Butiama mwaka 1922 na kusoma shule ya msingi Mwisenge, Musoma, anafaa kutajwa hapa. Alibatizwa Mkatoliki akiwa mtu mzima, mwaka 1943, akadumu katika dini hiyo maisha yake yote. Tena alifundisha baiolojia Tabora kabla ya kwenda Edinburgh mwaka 1949. Katika andiko lake la Elimu ya Kujitegemea la mwaka 1967 alitaka shule imjengee mtoto mambo matatu: akili ya kudadisi, uwezo wa kujifunza kwa wengine na kukataa au kurekebisha yasiyomfaa, na kujiamini kama mtu huru aliye sawa na wenzake.

Jambo la tatu lina uzito kwa mada hii. Kujiamini kumetokana na kitenzi kilekile -amini. Mtu asiyejiamini hawezi kuweka amana, kwa kuwa hathubutu kuidai. Humkubali mtaalamu kwa woga, au humkataa kwa woga uleule.

Hapo ndipo wataalamu wa Kiswahili wanapoingia. Mtoto wa Mara husoma sayansi kwa Kiswahili katika shule nyingi za msingi, kisha sekondari hukutana nayo kwa Kiingereza. Wengi hukariri fasili wasizoweza kuzieleza kwa maneno yao wenyewe. Mwanafunzi wa namna hiyo anayo imani katika sayansi kwa maana dhaifu kuliko zote: anatamka asichokielewa kwa sababu mwenye mamlaka ametamka. Kwake, dai lililotajwa mwanzoni ni la kweli kabisa. Lakini kasoro hiyo imetoka katika njia ya kufundisha; haimo katika sayansi.

Kazi ya istilahi imefanyika. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Lakini majina ya vitu hayatoshi. Yanayohitajika zaidi ni maneno ya kuhojia: ulinganishi, kiwango cha shaka, dalili iliyo dhaifu na iliyo nzito, kukanushwa, kurudia jaribio. Maneno hayo yapo au yanaweza kuundwa. Yanangoja kuzoeleka darasani, redioni na zahanatini.

8. Hitimisho

Imeonekana kwamba kuiamini sayansi kunahitaji uaminifu kwa watu, na kunahitaji kuchukulia kwamba maumbile yana utaratibu. Anayeita hayo imani hajakosea lugha, kwani Kiswahili kinamruhusu. Anakosea anapohitimisha kwamba imani zote ni za aina moja na zina haki sawa ya kuongoza sindano ya mtoto. Amana hutofautiana na itikadi kwa sharti la kudaiwa, na sharti hilo lina thamani pale tu mwenye amana anapojua namna ya kudai. Mzazi wa Bunda anastahili kuambiwa mtoto achanjwe. Anastahili pia kuweza kuuliza, kwa lugha yake, imejulikanaje kwamba chanjo inafaa, na kujibiwa kwa habari ya Serengeti na Musoma, wilaya zilizo jirani zake.